Jana Mtoto Alikula Nini?

Ukipita machinjio ya mbuzi hapa Garissa ukasikia watu wazima wanagombana kana kwamba nchi ni yao, ujue umefika kijiweni kwetu. Benchi ni ubao wa lori bovu uliolazwa juu ya rimu mbili, chini ya mwarobaini, mbele ya kibanda changu cha kutengeneza redio. Wananiita Fundi. Mimi ni Mpokomo wa kule chini Hola, na ni kwa ajili yangu kijiwe huongea Kiswahili. Wakitaka kunisengenya hurudi kwenye Kisomali, nami huwaitikia kwa Kisomali hichohicho wakanyamaza. Kahawa ni ya Roda, ina tangawizi ya kuamsha maiti, na Roda mwenyewe hana subira na mjinga. Ninayowasimulia yalitokea mwaka wa tisini na saba, kabla ile mvua kubwa haijaja kutuzamisha, wakati ukame ulikuwa umekomba mifugo na mji umejaa watu waliokuwa na ngamia juzi na leo wamebaki na fimbo.

Wenye benchi siku hiyo walikuwa watatu. Kulikuwa na Bibisi, jina lake halisi Rage, ambaye hulala na redio kifuani na akiamka anajua habari za dunia kuliko za nyumbani kwake. Kulikuwa na Waziri, yaani Abdimalik, aliyewahi kuendesha lori la serikali na tangu hapo kila akifungua mdomo anahutubia. Na kulikuwa na Daktari, ambaye ni Salah, muuza dawa ya minyoo ya mbuzi asiyeona sababu ya kumbagua mgonjwa kwa idadi ya miguu.

Aliyewakosesha raha hakuwa amefika. Huyo tulimwita Felo, kwa kile cheo chake cha fellow, msichana wa ng'ambo aliyefadhiliwa na chuo cha kwao aje huku nyanjani achunguze njaa na utapiamlo, kisha akawaandikie wakubwa nini kifanywe. Alizunguka bulla yetu, yaani mtaa wetu, nyumba kwa nyumba. Kila nyumba alimfunga mtoto mkononi utepe wenye rangi tatu, kijani, njano na nyekundu, halafu akamwuliza mwenye nyumba swali moja: jana mtoto alikula nini? Utepe ukikaza mpaka kwenye nyekundu, nyumba hiyo ilipewa unga wa uji na mafuta. Sasa alikuwa anarudi Nairobi kesho yake, na ametuma habari kwamba baada ya sala ya alasiri atakuja kijiweni na kamera, na watoto wote wa nyekundu waletwe pamoja apige nao picha. Adhana ya alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa. Bibisi alikuwa ameleta sahani ya anjera, ile mikate laini kama chapati za maji, kutoka kwa mkewe, lakini tulikuwa tunaichezea tu kwa vidole.

BIBISI: Huyu msichana ana kichwa ngumu. Jana ameniuliza tena. Ati, "Bwana Rage, mtoto anakula nyama, anakula wali, anakunywa maziwa ya ngamia. Je, kwa nini amekonda?"

RODA: Nani alimwambia mtoto wako anakula nyama?

BIBISI: Mimi.

RODA: Nyama ya wapi? Si juzi mmekula uji mpaka baba?

BIBISI: Abaayo, dada yangu, ulitaka niseme nini? Mgeni ameingia kwangu, amekaa kwa mkeka yangu, ameuliza nimekula nini. Nimwambie kwangu hakuna kitu? Babangu angefufuka anichape.

WAZIRI: Hapo nakuunga mkono. Mimi nilitangaza rasmi: pilau. Asubuhi, mchana na jioni.

DAKTARI: Mimi nilisema ini. Ini na samli.

Basi nikaelewa shida ya Felo, nikacheka mpaka bisibisi ikaniponyoka. Bulla nzima inakula uji mtupu, lakini hakuna mwanamume aliyekubali kumwambia mgeni kwamba nyumba yake imelala bila kitu. Kwa hiyo msichana wa watu amejaza karatasi zake: watoto wa hapa wanakula vizuri kuliko watoto wa kwao, na wamekonda kuliko wote duniani. Alikuwa halali usingizi.

MIMI: Sasa akija mtamwambia nini?

DAKTARI: Ukweli wa kitaalamu. Ni minyoo. Kuna mnyoo mmoja mweupe, mrefu kutoka hapa mpaka Balambala ukimnyoosha. Huyo anakaa tumboni, mdomo wazi. Nyama ikishuka anakula yeye kwanza, mtoto anabaki na harufu.

RODA: Na wewe unauza dawa yake.

DAKTARI: Si ni bahati ya mtoto?

WAZIRI: Hapana, hapana. Mimi nimeendesha lori la chakula miaka mingi, nitoe taarifa. Tatizo ni daraja. Chakula kinatoka Nairobi kikiwa kizima, kina vitamini zote. Kinafika darajani hapa Tana. Kizuizi! Kila mtu ashuke, kila mtu atoe kitambulisho. Sasa vitamini ina kitambulisho? Haina. Inashushwa. Unga unavuka peke yake.

BIBISI: Na hizo vitamini zinapelekwa wapi?

WAZIRI: Zinawekwa ndani mpaka mzee wa ukoo aje kuzitambua.

Hata Roda alicheka hapo, na Roda kucheka si jambo la kila wiki.

BIBISI: Nyinyi mnaongea mambo ya darajani. Mimi nasikiliza dunia. Zile ndege za misaada, zilizopita hapa juu usiku na mchana wakati wa vita ya Somalia, mnazikumbuka? Moshi yake bado iko juu. Mtaalamu mmoja alisema kwa redio, hiyo moshi inayeyusha mafuta. Ndiyo sababu ngamia walianza kukonda nundu. Ngamia akimaliza, inaingia kwa watoto.

MIMI: Alisema saa ngapi hiyo? Redio yako iko kwangu tangu Jumatatu, haina hata sauti.

BIBISI: Alisema kabla ya Jumatatu.

WAZIRI: Tuache moshi. Felo mwenyewe ana nadharia yake, na mimi naona tuipitishe. Anasema kila mtoto wa nyekundu aliyempima ana hirizi mkononi. Ngozi ya ngamia, imeshonwa. Anadhani labda ile hirizi inabana damu, au watu wanaifunga badala ya kumpeleka mtoto hospitali. Anataka kuiandika.

DAKTARI: Hata mimi aliniuliza. Hirizi yenye uzi wa buluu.

WAZIRI: Uzi wa buluu, ndiyo, na fundo mbili.

BIBISI: Fundo mbili na kijishanga chekundu pembeni.

Daktari akashusha kikombe. Nilisikia makaa ya Roda yakilia.

DAKTARI: Bibisi, wewe umejuaje shanga?

BIBISI: Ni ya mtoto yangu. Wewe umejuaje uzi?

DAKTARI: Ni ya mtoto wangu.

RODA: Subiri. Subirini hapo hapo. Daktari, wewe una mtoto gani wa nyekundu? Dubow? Dubow juzi amekalia kiti changu kikavunjika.

DAKTARI: Si Dubow. Ni... yule mdogo. Ameenda Elwak kwa nyanya yake.

WAZIRI: Bahati mbaya iliyoje, na wangu ameenda Elwak.

BIBISI: Wangu pia.

RODA: Wote Elwak? Felo aliwapima juzijuzi, leo wako Elwak? Walipanda zile ndege za moshi?

Hapo ndipo mambo yalipomwagika. Kila mmoja alikuwa amejiona mjanja peke yake. Bulla yetu ina kibanda cha mwisho, kile cha makuti ya mkoma na magunia, anakokaa mama mmoja anaitwa Weris. Alikuja kutoka upande wa Diff baada ya ngamia wake wote kufa, na mumewe alienda kutafuta kibarua hajarudi. Ana binti mmoja, Kaaha, mkono wake kama kijiti cha mswaki. Basi Felo alipokuwa anaingia mtaani, watu walikuwa wanamwazima Kaaha.

DAKTARI: Mimi nilimtuma mke wangu. Nikamfunika mtoto uso, nikasema amelala.

WAZIRI: Mimi nilimvalisha mtandio na bangili. Nikamwita Amran.

BIBISI: Kwangu alikuwa mvulana.

RODA: Mvulana!

BIBISI: Nilimvalisha shati ya kijana yangu Guleid, nikamnyoa kichwa.

WAZIRI: Kumbe ni wewe! Mimi niliazima mtoto mwenye nywele, wakanipa kipara! Ndiyo maana ya mtandio!

DAKTARI: Na Felo hakumtambua?

BIBISI: Felo haangalii uso. Felo anaangalia mkono. Anafunga utepe, anaandika, anauliza jana alikula nini, anaenda.

MIMI: Na Maalim, si ndiye anayemfasiria? Maalim ni mtu wa hapa.

RODA: Maalim alikalia miwani yake mwezi wa Ramadhani. Huyo hata wewe ukimpelekea mbuzi aliyevaa shati atamwita Guleid.

Walianza kutukanana. Waziri alisema Bibisi amevuruga mpango wa taifa kwa kumnyoa mtoto. Daktari alisema yeye ndiye aliyemwazima kwanza, kwa hiyo mtoto ni wake kisheria. Bibisi akaapa wallahi kwamba mkewe ndiye aliyemwona Weris siku ya kwanza kabisa, akishuka kwenye lori. Watu watatu, kila mmoja na watoto wanene nyumbani, wanagombania mtoto mwembamba wa mtu mwingine. Nilifurahi sana, sitaki kudanganya. Mimi sina mke wala mtoto, sikuwa na nyumba ya kupimwa, kwa hiyo niliona ni sinema ya bure.

RODA: Na Weris alikubali vipi kumtoa mwanawe hivyo?

Daktari akajikuna kidevu.

DAKTARI: Mke wangu alimwambia, lete mtoto acheze na wenzake. Atakula hapo.

WAZIRI: Kwangu pia ilikuwa ni mwaliko. Chakula kilitajwa.

BIBISI: Ndiyo, ilikuwa hivyo. Atakula na watoto.

RODA: Na Felo alipofika kwa Weris mwenyewe?

Nikajibu mimi, maana nilikuwepo. Nilikuwa napeleka redio ya jirani yake. Felo alichungulia kibandani, akaona mama peke yake na sufuria iliyofunikwa, akamwuliza Maalim, "Je, hapa hakuna mtoto?" Maalim akaangalia huku na huku, akasema hakuna. Mtoto alikuwa kwa Waziri, anaitwa Amran. Felo akapita. Nyumba ya Weris haikupata unga wala mafuta.

RODA: Mimi naona mmwambie Felo. Leo. Akienda Nairobi amekwenda.

WAZIRI: Roda, dada yangu, tufikirie kwa utaratibu. Tukimwambia, atachukua unga wa wote. Atasema bulla hii ni ya waongo. Mwaka ujao hakuna felo atakayekuja.

DAKTARI: Na unga mwingine tumeshakula.

BIBISI: Mwingine uko hapa.

Akaonyesha sahani. Ndipo nilipojua ile anjera tuliyokuwa tunaichezea imepikwa kwa unga wa nyekundu. Nilikuwa nimeshakula moja, na ilikuwa tamu.

WAZIRI: Kwa hiyo napendekeza: hirizi. Felo anaipenda hirizi, tumwachie hirizi. Watoto wako Elwak, hirizi ndiyo ina makosa, kikao kimefungwa.

Wakakubaliana. Sijaona kijiwe hiki kikikubaliana jambo tangu nifungue kibanda, na siku kilipokubaliana ndiyo hiyo.

Felo akaja. Alikuwa amejifunga mtandio vizuri kuliko wanawake wa hapa, kamera shingoni, uso umebabuka jua. Kiswahili chake alikisomea darasani, kilikuwa kisafi mno mpaka ilinibidi mara nyingine nikitafsiri kwa Kiswahili.

FELO: Hamjambo mabwana. Hujambo Bi Roda. Ninashukuru mno kwa ukarimu wenu. Je, wale watoto wako wapi?

WAZIRI: Karibu, karibu. Watoto wamesafiri. Lakini kijiwe kimekaa, kimejadili lile swali lako, na kina jibu.

FELO: Kweli? Ninalisubiri kwa hamu.

Akakaa kwenye benchi, akatoa kalamu. Waziri akasimama, akakohoa, akaanza kumweleza habari za hirizi: inavyobana mshipa, inavyozuia nyama isifike kwenye mkono, inavyokuwa kali zaidi uzi ukiwa wa buluu. Daktari akaongeza kwamba mnyoo hupenda buluu. Bibisi akaongeza moshi wa ndege, kwamba unashikana na ngozi ya ngamia. Msichana anaandika, anaandika, na kila alipoandika alisema "aha", masikini, kama mtu aliyeonyeshwa njia.

Wakiwa katikati ya mnyoo, tukamwona Weris anakuja kutoka upande wa vibanda.

Baadaye nilijua ilivyokuwa. Wake wa hao watatu, kila mmoja kwa siri yake, walikuwa wamekwenda kwake mchana uleule kumwazima Kaaha kwa ajili ya picha. Walikutana mlangoni wakashikana mitandio. Weris akasikiliza ugomvi wao wote, akajua kila kitu alichokuwa hajui: utepe, unga, nyama, ini, pilau. Kisha akambeba mwanawe mgongoni akatoka, akawaacha wanazozana.

Alisimama mbele ya benchi. Ni mwanamke mrefu, na alikuwa amevaa safi, nguo moja iliyofuliwa mpaka rangi imekwisha. Akamshusha Kaaha. Mtoto alikuwa na kipara kinachoanza kuota nywele, na bangili moja ambayo nadhani nyumba ya Waziri ilisahau kuivua. Kwenye mkono wa kushoto kulikuwa na hirizi, uzi wa buluu, fundo mbili, kijishanga.

Felo aliuona mkono. Akautazama kama mtu anayesoma maandishi yake mwenyewe. Halafu, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza, akapandisha macho akamtazama Kaaha usoni.

BIBISI: Weris, walaal, dada, nenda nyumbani, tutaongea baadaye.

Alimwambia kwa Kisomali, haraka, ili Felo asielewe. Weris hakumjibu kwa Kisomali. Alitumia Kiswahili, kile kidogo alichookota sokoni, na nilijua ni kwa sababu ya nani.

WERIS: Mimi iko swali. Moja tu.

FELO: Tafadhali, mama. Uliza.

Weris hakumwuliza Felo. Alimgeukia Daktari.

WERIS: Mke yako nasema, lete Kaaha, nakula hapa. Mimi naleta. Siku ile, nyumba yako, Kaaha nakula nini?

Daktari alifungua mdomo. Neno ini lilikuwa pale pale, nililiona. Halikutoka.

WERIS: Adeer Abdimalik. Nyumba yako. Nakula nini?

Waziri alikuwa bado amesimama kwa ajili ya hotuba. Alitafuta mahali pa kukaa akakosa, maana Felo alikuwa amekaa pake.

WERIS: Rage. Wewe nakata nywele. Baada ya nywele, nakula nini?

Bibisi, mwenye habari za dunia nzima, alitazama viatu vyake.

Weris akanigeukia hata mimi, mwenye sinema yangu ya bure. Hakuniuliza kitu. Aliangalia mkono wangu tu, na mkononi nilikuwa na anjera ya pili imekunjwa, sijui niliichukua saa ngapi. Niliona haya ambayo sijawahi kuona tena mpaka leo.

WERIS: Kaaha narudi, mimi nauliza, hooyo, mama yangu, umeshiba? Kaaha nasema ndiyo. Kila nyumba nasema ndiyo. Mimi nalala nafurahi. Sasa nauliza nyinyi, kwa sababu yeye hataki kusema. Mtoto hii nakula nini?

Felo alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi, akingoja jibu kama sisi sote. Ni swali lake mwenyewe, amelibeba kutoka ng'ambo, ameliuliza kila mlango, na kila mlango ulimjibu bila kusita. Sasa limeulizwa na mwenye mtoto, na benchi zima halina hata pa kuanzia. Machinjioni mbuzi mmoja alilia, akanyamazishwa.

Kaaha peke yake ndiye aliyekuwa na kazi. Alikuwa anaitazama sahani. Hakusogea, hakunyoosha mkono. Amelelewa vizuri.

Roda alitoka nyuma ya jiko lake. Akaichukua anjera mkononi mwangu, akairudisha kwenye sahani, akaiweka sahani yote miguuni pa mtoto, akakaa chini naye mchangani.

RODA: Kula, mama. Hii ni yako tangu zamani.

Mtoto akamtazama mamake kwanza. Weris akatikisa kichwa kumruhusu, na yeye mwenyewe akageuka akatazama upande wa mto.

Waziri ndiye aliyejikakamua kwanza. Akasukuma kikombe chake mbele, akasema kwa sauti ndogo, isiyo ya serikali:

WAZIRI: Roda, tuongezee kahawa kidogo.

RODA: Kahawa imekwisha.

Waziri akakivuta kikombe chake nyuma. Nyuma ya Roda birika lilikuwa linachemka, limejaa mpaka kwenye mdomo.